Nyumba ya Kitanda Kimoja

Baraka, Fizi
Tarehe 23 Septemba 1956

Mpendwa mdogo wangu Swedi,

Assalaam alaikum. Nakuuliza hali kwanza, maana barua inayoanza na shida ni barua ya serikali, na mimi ni yaya yako, dada yako mkubwa. Hujambo? Mkeo Siti hajambo, na watoto? Kile kikohozi cha moshi wa meli kimekuacha, au bado unakilisha sigara? Na huko Albertville mnapata samaki wa kueleweka, au mnakula wale waliokauka mpaka paka anawapita bila kuwatazama?

Mimi mwenyewe nasimama kwa miguu yangu, alhamdulillahi, na mchana bado naweza kutia uzi kwenye sindano. Shemeji yako Idi hasimami. Hilo nitalieleza mahali pake. Usiruke mistari kwenda kulitafuta. Nisome polepole kama ninavyoandika, maana mkono wangu ulifundishwa kalamu na baba yetu tu, haukupitia kwa mapadri kama wa watoto wa siku hizi.

Barua yako ya mwezi wa sita tuliipata. Umesema ile nguo nyeupe ambayo Idi alikuagiza safari yako ya mwisho umeiona dukani, marekani nzito isiyopenya mwanga, na kwamba utaileta. Nilipomsomea alifurahi kama bibi harusi aliyeletewa kanga. Alinifanya nirudie mstari ule. Mimi niliurudia, kisha nikatoka nje nikaenda kuwapigia kelele kuku. Mwanamume mzima anaagiza sanda yake kwa shemeji yake kama mtu anayeagiza kilo ya chumvi! Nawe ukakubali. Hilo bado sijakusamehe vizuri.

Asha wetu yuko Nundu kwa mumewe, mzima, na mihogo yao imeshika mwaka huu. Mwezi wa nane alikuja kututazama. Alipika, akafua, akapaka udongo jikoni, akagombana na baba yake, akarudi kwake analia. Waligombana juu ya nyumba hii, na barua hii pia ni juu ya nyumba hii.

Unaikumbuka nyumba, Swedi. Uliingia humu kijana ndiyo kwanza unaota ndevu, ukapotea ukitafuta mlango wa kwenda uani, na Idi akakucheka mpaka akakaa chini. Vyumba saba, sebule, na baraza inayotazama ziwa. Wageni wakiniuliza kwa nini mtu mwenye watoto wawili alijenga vyumba saba, huwa nacheka tu, nawaacha wadhani ni majivuno ya mwenye mitumbwi. Wewe sidhani umewahi kuambiwa sababu yenyewe, na bila hiyo hutaelewa yaliyobaki.

Baba mkwe wangu alipofariki, nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Watu wa matanga walikuja kwa mitumbwi kutoka Ubwari, wengine walishuka kwa miguu toka Kilembwe, na mvua ilikuwa ile ya kupasua ardhi. Walilala nje, chini ya migomba na chini ya mapaa ya majirani. Mzee mmoja wa Ubwari, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu utoto wao, alilowa hivyo hivyo, akashikwa kichomi, akafa kabla hajafika kwake. Matanga yakazaa matanga. Watu wa Ubwari hawakusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangetukana. Idi alikuwa kijana. Aliapa kwamba hakuna mtu atakayekuja kulia kwake halafu alale kwenye mvua. Biashara ya mitumbwi ilipomkalia vizuri, hakununua baiskeli wala kanzu ya maana. Alijenga.

Basi ndivyo mimi nilivyoolewa, mdogo wangu, katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya siku ya kufa. Nimefagia vyumba vya watu ambao hawajaja tangu nikiwa na meno yote. Asubuhi nafagia kwa ajili ya maiti ambaye bado anakunywa chai barazani! Nilinung'unika, lakini mtu huzoea, na baridi ya vyumba vile wakati wa jua ilikuwa nzuri.

Siku yenyewe ilikuja, na haikuwa ya Idi. Ilikuwa ya Amisi wetu. Wewe ulikuwapo, ulimpokea mwanangu ndani ya kaburi kwa mikono yako, sina haja ya kukuandikia. Nakukumbusha tu jinsi nyumba ilivyojaa, mikeka ukuta kwa ukuta, hata stoo ya nyavu walilala watu. Macho ya Idi yalikuwa yameanza kufunga utando wakati ule. Alipita chumba kwa chumba akiwagusa watu miguu, kisha akaja nilipokuwa nimekaa na wanawake, akainama, akaniambia sikioni kwamba nyumba imefanya kazi yake. Nilitamani kumpiga. Mtoto yuko udongoni na yeye anaisifu nyumba! Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na kitu kingine cha kushika. Lakini hasira ile sikuimaliza yote. Imebaki kidogo, na huwa inaamka nikishika ufagio.

Tangu hapo macho yamefunga kabisa. Haoni hata jua. Lakini humu ndani ungemtazama usingejua. Anatembea bila fimbo, anapita milango bila kuigusa, anakaa kwenye kigoda chake bila kupapasa, anashona nyavu za watu kwa vidole na mafundo yake ni yale yale. Akitoka nje ya uwanja wetu ndipo anahitaji bega langu. Bado ananiita Mama Amisi. Sijawahi kumwambia aache, na sijui kama nataka aache.

Nyumba nayo imezeeka pamoja nasi. Nyasi za upande wa magharibi zimeoza, mvua za mwaka jana ziliingia mpaka kitandani, na mchwa wamepanda kwenye nguzo. Kuezeka nyumba hii kunataka wanaume wengi, na wanaume hawapo. Vijana wako huko kwako au kwenye migodi, na waliobaki wamefungwa na mashamba ya pamba. Nilifunga vyumba viwili vya magharibi, kisha cha tatu. Nikawa naishi kama panya, nahama pembe kwa pembe nikifuata mahali pakavu.

Asha alitaka tuhamie kwake Nundu. Baba yake alimjibu bila hata kuacha kushona wavu.

"Mi niende kulala kwa mukwe? Anione nikipapasa njia ya choo yake? Hapana, mutoto."

Ndipo yakaja maneno ya nyumba ndogo. Tubaki hapa hapa uwanjani, karibu na jiko, tujenge nyumba ya chumba kimoja na ukumbi mdogo, paa ambalo watu wachache wanaweza kuliezeka kwa asubuhi moja. Casimir, jirani yetu Mkatoliki, yule fundi aliyetutengenezea baraza, alikubali kujenga. Lakini nguzo nzuri siku hizi ziko mbali, huko juu, na hakuna wa kuzibeba. Nguzo za nyumba ndogo, boriti zake na mlango wake, lazima zitoke kwenye hii kubwa. Hatuwezi kuwa na zote mbili. Tukitaka kujenga ile, tuibomoe hii, tena kabla mvua hazijakaza, la sivyo udongo hautakauka.

Idi alikataa. Asha akapandisha sauti, baba naye akapandisha, na mtoto akaondoka bila kuaga vizuri. Mimi nilinyamaza, maana nilidhani najua sababu. Nilidhani anaogopa kwamba katika nyumba mpya atakuwa kipofu. Humu kuta zinamjua. Kule angeanza kujigonga kama mgeni, na mtu wa aina yake akijigonga mbele za watu anaona amevuliwa nguo. Nilimhurumia, nikasema moyoni basi, acha tuoze humu pamoja.

Kisha asubuhi moja, ametoka kuswali, akaniambia amekubali. Casimir aje. Ila vipimo ataweka yeye mwenyewe, maana hata hii kubwa aliipima yeye. Swedi, nilichinja jogoo. Nilimchinjia jogoo yule mwekundu niliyekuwa nimemnyima hata mwalimu wa msikiti.

Alichukua kamba ya wavu, akachonga vigingi, akashinda uani peku akipima kwa hatua na kwa mikono, anapigilia kigingi, anavuta kamba, anarudi, anaipapasa kwa nyayo. Watoto wa njiani walisimama wakacheka. Hakuwajali. Mimi nilikaa jikoni nikimtazama, na nakuambia kweli, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Amisi.

Casimir akaja kutazama. Alizunguka kamba yote, akaingia ndani yake, akanyoosha mikono, akatoka. Alivua kofia.

"Mama Amisi," akasema, "hii nyumba iko ya kitanda kimoja."

"Ndiyo," Idi akajibu. "Iko ya ye."

Nikamuuliza, "Na weye?"

"Mi niko na nyumba."

Ndivyo alivyosema, kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Alikuwa amepanga yote. Yeye atabaki katika kubwa mpaka siku yake. Watu watakuja, watalala pakavu, matanga yataisha. Baadaye Casimir atabomoa, atachagua nguzo zilizobaki nzima, atanijengea mimi kile kibanda ndani ya kamba ile, nami nitaishi humo peke yangu na kitanda changu kimoja. Alidhani amenifanyia wema! Siku ile sikumsemesha. Hata chumvi sikutia kwenye mboga, kwa makusudi, na alikula bila kulalamika.

Ijumaa alipokwenda msikitini, niling'oa vigingi vya upande mmoja nikavisogeza, mpaka vitanda viwili vikaenea na nafasi ya kupita katikati. Aliporudi alitembea uani kama kawaida yake, mguu wake ukakosa kamba mahali ilipokuwa. Akasimama. Akatafuta kwa kidole cha mguu mpaka akaipata. Mimi nami niliendelea kuchambua mchele. Nilikwenda ziwani kuosha vyombo, nikarudi nikakuta kamba iko pale pale alipoiweka yeye.

Tuliendelea hivyo. Mimi nasogeza, yeye anarudisha. Tunakula pamoja, tunaulizana usingizi ulikuwaje, na habari za kamba hatuzitaji. Wazee wawili tunagombania udongo ambao ni wetu sote wawili. Mwalimu wa msikiti alisikia, akaja kumwambia kwamba maiti haulizwi kaburini alilaza watu wangapi. Idi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza, "Na mvua ikikukuta kwa matanga yangu, mwalimu, utalala wapi? Mu kitabu?" Mwalimu akacheka, akaaga.

Lakini swali lile lilinifungua akili. Nikasema: kumbe mume wangu haogopi kufa, wala haogopi kuta asizozijua. Anaogopa watu wa Ubwari kwenye mvua. Basi nikiwapatia watu wale mahali pa kulala, atakuwa hana neno tena. Nikaona nimepata dawa. Nikajifunga kanga yangu nzuri, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani kila mmoja aniahidi chumba, au pembe ya sebule tu, kwa ajili ya watu watakaokuja siku ya Idi.

Unacheka? Au umeshika kichwa? Mimi wakati ule sikuona ubaya wowote. Nimeishi na matanga yale ya mbele maisha yangu yote, yamekuwa kwangu kama shughuli ya mavuno, kitu cha kupangia. Nilisahau kwamba kwa watu wengine kifo hakitajwi kwa jina la mtu anayepumua.

Nilianza kwa Mama Ramazani, tuliyekua naye, tuliyechota maji naye. Alinipa kigoda, akanisikiliza, na uso wake ukabadilika nikiwa katikati ya maneno.

"Waridi, unamuzika bwana yako na angali anakula bugali?" Akasimama. "Toka kwangu na hayo maneno. Toka, usiyamwange humu."

Nyumba ya pili walishajua kabla sijafika. Ya tatu walifunga mlango na moshi wa jiko ulikuwa unatoka. Kote nilikopita ilikuwa hivyo, wengine kwa adabu, wengine bila adabu. Nikienda ziwani wanawake wanashusha sauti. Mmoja alimvuta mtoto wake nisimshike kichwa, Swedi, mtoto ambaye mimi ndiye niliyemzalisha mama yake.

Casimir peke yake hakushtuka. Aliniuliza kama fundi: batalala wangapi? Nikamwambia. Akatazama sebule yake, akamtazama mkewe Suzanne, Suzanne akatikisa kichwa kukubali. Akasema sebule ni yetu siku hiyo, na yule nguruwe aliyemfuga nyuma ya nyumba atampeleka kwa ndugu yake ili watu wetu wasipate karaha. Nilitoka pale nikilia njia nzima, na ni njia fupi.

Sikumwambia Idi. Chumba kimoja, tena kwa Mkristo mwenye nguruwe, niliona ni jibu la aibu. Nilingoja nipate hata cha pili.

Sasa nafika pale ulipokuwa unapatafuta.

Wiki mbili zilizopita, saa za alasiri, upepo ulitoka ziwani, ule unaotangulia mvua. Mimi nilikuwa uani naokota muhogo nilioanika. Idi alikuwa katika vyumba vya magharibi, vile nilivyofunga. Nilikuwa sijui kwamba anaingia. Kumbe kila siku nikienda shughuli zangu alikuwa anapita mle akigonga nguzo kwa vifundo vya vidole, asikilize ipi imeliwa na ipi nzima. Zile nzima alizifunga uzi wa wavu. Alikuwa ananichagulia nguzo za nyumba yangu. Upepo uliinua paa lililooza, likarudi chini pamoja na boriti, na ukuta ukafuata.

Nilipiga kelele na watu wakaja, siwezi kuwanyima haki yao. Waliinua boriti, wakamtoa. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti na mfupa ulitokeza. Alikuwa mweupe kwa vumbi, ndevu, nyusi, kote, na aliniuliza kama muhogo wangu umelowa.

Walipomlaza ndani, nikageuka nikakuta wananitazama. Hakuna aliyetamka neno usoni pangu. Ila nilisikia nyuma ya mgongo mtu akisema, "Alimwita. Alipita akimwitia." Tangu siku ile nachota maji peke yangu. Mimi ambaye nimemfulia, nimempikia, nimemshika bega mpaka bega langu moja limeshuka, leo nimekuwa mtu aliyemwitia mumewe kifo. Inaniuma, mdogo wangu. Nakuambia wewe kwa sababu huku sina wa kumwambia.

Mganga wa dispensari alikuja, akaunganisha mguu kwa vijiti, akaacha dawa ya unga. Homa inapanda jioni. Tangu juzi mguu una harufu. Asha amekuja, anauosha kwa maji ya chumvi na hageuzi uso, lakini mimi ni mama yake, najua anaponyamaza vile maana yake ni nini.

Jumatano Mama Ramazani alikuja kumjulia hali. Alikaa kwenye kigoda upande wa kichwa cha Idi, mimi nikiwa mlangoni, na akamweleza yote. Kwamba nilipita nyumba kwa nyumba kumwombea matanga akiwa hai, kwamba nilivaa kanga nzuri kama mtu anayekwenda harusini. Alisema kwa sauti ili nisikie. Nilishika fremu ya mlango, nikangoja. Niliona sasa ndiyo imekwisha, sasa nitakosa hata huyu mmoja.

Idi alimshukuru kwa kumtembelea. Mama Ramazani alipoondoka, Idi aligeuza uso kuelekea paa. Kisha akaniita.

"Mama Amisi. Balikupa byumba ngapi?"

Sikuweza kumdanganya. "Kimoja," nikasema. "Cha Casimir."

"Casimir wa misa?"

"Ye mwenyewe."

"Na nguruwe?"

"Ataipeleka kwa ndugu yake."

Swedi, alicheka. Kwa ule mguu na ile homa, alicheka mpaka Asha akaja mbio kutoka jikoni. Halafu machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, akanyoosha mkono akitafuta wangu, na alipoupata akasema: "Batu ba Ubwari kwa Casimir. Ba Kilembwe batatafutiwa. Enda usogeze kamba."

Nilikwenda. Mvua ya kwanza ilikuwa inanyesha, vigingi vilikuwa vinateleza mikononi, na nilipiga na jiwe mpaka vikaingia. Safari hii niliacha nafasi kubwa kati ya vitanda, mtu apite na fimbo. Nikarudi ndani nimelowa chapa, nikamwambia iko tayari. Akaniuliza mlango umeuweka upande gani. Nikamwambia wa ziwani. Akasema vizuri.

Casimir ameanza kubomoa tangu Alhamisi, akitafuta zile nguzo zenye uzi. Tumebaki katika chumba cha mbele na sebule, na kila nguzo inayotoka Idi anaisikia, anasema ilitoka mlima gani na nani aliibeba. Mvua bado ni chache. Casimir anasema Mungu akitupa wiki tatu za jua, kuta zitasimama. Mguu sijui kama utatupa wiki tatu. Nakuandikia ukweli, kwa sababu wewe si mtoto. Inawezekana nyumba ile itakuwa ya kitanda kimoja kama alivyoipima yeye, na mimi nitalala humo na pengo la mtu na fimbo yake ubavuni mwangu. Lakini kamba haitarudi. Hata akiondoka kabla ya paa, kamba nitaiacha hapo hapo.

Kwa hiyo, njoo. Usingoje likizo, omba ruhusa, panda meli ya kwanza inayokuja huku. Tunahitaji mwanaume wa kupanda juu ya paa, na akikutana nawe Idi atapata mtu wa kutania badala yangu.

Nisalimie sana Siti, umwambie kanga aliyonitumia ndiyo ile niliyovaa siku ya mkosi, lakini kosa si la kanga. Wabusu watoto. Msalimie binamu yetu Saleh na mkewe, na mzee yule wa Ubwari anayekupangisha chumba. Asha anakusalimu. Casimir na Suzanne wanakusalimu, na ukifika uwaamkie kwanza kabla ya nyumba nyingine yoyote. Mungu akulinde juu ya maji, akufikishe ukiwa mkavu, na mlango utakaoukuta uwe wazi.

Shemeji yako anakusalimu pia. Nimemsomea barua hii yote na hakukata neno, isipokuwa amesema niongeze hapa chini: ile nguo nyeupe iache dukani. Lete misumari.

Ni mimi yaya yako akupendaye,

Waridi